Mtetea Mkorofi na Mgeni Bandani: Kuunganisha Makundi Mawili ya Kuku

Katika mitaa yetu mingi, kuanzia Kihonda na Mazimbu hadi Bigwa na Kichangani, kundi la kuku wa nyumbani halikui kwa kutotoa vifaranga peke yake. Hukua pia kwa kununua na kupewa. Mfugaji huongeza mitetea watano kutoka sokoni, hupokea jogoo na mitetea wawili kutoka kwa ndugu wa Matombo au Mgeta, au hununua kuku chotara wa miezi minne kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Jioni huwaingiza wageni bandani na kufunga mlango. Asubuhi hukuta mmoja amejikunyata nyuma ya mlango, kisogo kimenyonyoka manyoya na undu unavuja damu, huku mtetea mmoja wa zamani, pengine yule anayetaga vizuri kuliko wenzake, angali anamwandama. Marejesho ya mkopo hayasubiri kidonda kipone, na mtetea anayeishi kwa hofu hatagi.

Katika hali hiyo wafugaji walio wengi hufanya jambo moja: humtoa aliyepigwa, humtunza pembeni, kisha humrudisha akipona. Akirudi hupigwa tena, na safari hii vibaya zaidi. Somo hili linaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na kwa nini anayepaswa kutolewa bandani, mara nyingi, ni yule anayepiga.

Ngazi ya bandani

Mwaka 1922 mtaalamu wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa miaka mingi juu ya tabia ya kuku. Alionyesha kwamba katika kundi dogo kila mtetea anamjua mwenzake mmoja mmoja, na kwamba wamepangana kwa ngazi: wa kwanza huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mmoja na hana wa kumdonoa. Mwenye ngazi ya juu hutangulia kwenye chakula, kwenye maji, kwenye kiota na kwenye nafasi nzuri ya kulala. Mabibi zetu waliolea kuku uani waliyajua hayo pasipo kuyaandika.

Ngazi hiyo ikishakamilika, banda hutulia. Mkubwa hainui mdomo. Hutazama tu, na mdogo hupisha. Kwa hiyo donoadonoa ndogo za kila siku si dalili ya ukorofi bali ni kukumbushana mipaka. Vurugu halisi huzuka pale anapoingia kuku asiye na nafasi katika ngazi. Kila mwenyeji sasa anapaswa kujua kama mgeni huyu yu juu yake au chini yake, na kuku hawana njia nyingine ya kuulizana swali hilo isipokuwa kwa mdomo na kucha.

Kuku hutambuana zaidi kwa sura ya kichwa, hasa undu na rangi ya manyoya ya shingoni. Kumbukumbu yao ina kikomo: mtetea aliyeondolewa kwenye kundi kwa wiki mbili au tatu anaporudi huweza kupokewa kama mgeni kabisa, japo alizaliwa humo. Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo tulilolitaja. Yule aliyepigwa, akatengwa hadi kidonda kikauke, amerudishwa akiwa mgeni kwa mara ya pili. Mkorofi wake hakuwahi kuondoka. Ameongeza siku zake za kutawala.

Karantini kwanza

Ugomvi huwashughulisha watu kwa kuwa unaonekana. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauonekani siku unapoingia. Kuku aliyeambukizwa huweza kukaa siku 2 hadi 15 kabla ya kuonyesha dalili, kwa kawaida siku 5 au 6, na kundi ambalo halijachanjwa huweza kuteketea karibu lote. Mfugaji anayeunganisha kuku siku ileile aliyowanunua anaweza kuwapatanisha vizuri sana na kuwazika wote wiki inayofuata.

Wageni, basi, wakae peke yao kwa wiki tatu. Viwanja vya mjini ni vidogo, na si kila mtu ana banda la pili. Upande wa pili wa nyumba, stoo isiyotumika, au uani kwa jirani asiyefuga kuku, panatosha. Wenyeji walishwe kwanza na wageni mwisho, wawe na vyombo vyao vya maji, na anayewahudumia abadilishe kandambili. Katika kipindi hicho wakaguliwe chawa na utitiri chini ya mbawa na karibu na njia ya haja, na wapewe dawa ya minyoo. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayovumilia joto na inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Wageni wachanjwe angalau wiki mbili kabla ya kuunganishwa. Wenyeji nao wawe wamechanjwa, kwa sababu mgeni naye ana haki ya kutoambukizwa.

Kamba na tenga

Ipo desturi iliyoenea ya kumfunga mgeni kamba mguuni, kwenye mti au nguzo, kwa siku tatu au nne. Nia yake ni njema: kuku azoee mji mpya, asitoroke kurudi alikotoka wala kupotelea kwa majirani. Mahali pasipo na kuku wengine desturi hii haina ubaya mkubwa, mradi kamba isikaze na kivuli na maji viwepo. Mahali penye wenyeji, ni hatari.

Sababu yake ni hii. Mapambano ya kawaida kati ya mitetea wawili huchukua sekunde chache. Husimama uso kwa uso, manyoya ya shingo huinuka, hurukiana mara mbili tatu, kisha mmoja huinamisha kichwa na kuondoka. Kule kuondoka ndiko kukiri kushindwa, na mshindi akiona hivyo huacha. Mtetea aliyefungwa kamba hawezi kuondoka. Hata akikubali kushindwa hana namna ya kumwonyesha mwenzake, hivyo mshindi huendelea kupiga, na wengine waliokuwa wakitazama huja kujipatia nafasi yao juu ya mnyonge huyo. Ndivyo ilivyo pia katika banda dogo usiku wa kwanza: kuta nne hufanya kazi ya kamba.

Kifaa bora kipo katika nyumba nyingi, nacho ni tenga. Baada ya wiki tatu za karantini, wageni wafunikwe mchana chini ya tenga kubwa, au wawekwe nyuma ya kizuizi cha wavu au cha fito za mianzi, katika uwanja uleule ambamo wenyeji hutembea na kula. Nafasi kati ya fito na fito isipitishe kichwa cha kuku. Chakula cha pande zote mbili kimwagwe karibu na kizuizi, ili wale wakiwa wanatazamana. Siku ya kwanza wenyeji watazunguka tenga, watainua manyoya na kupiga mdomo kwenye fito. Siku ya tatu wengi watakuwa wanachakura na kumsahau aliyemo ndani. Zoezi hili liendelee kwa siku tano hadi saba. Kukiwa bado kuna anayeshambulia fito siku ya saba, mfugaji amjue kwa alama, kwani huyo ndiye atakayemsumbua baadaye.

Usiku wageni walale katika sehemu yao, na ikiwezekana iwe ndani ya banda lilelile lililogawanywa kwa wavu.

Siku ya kuondoa kizuizi ichaguliwe ambayo mwenye kuku atashinda nyumbani. Jambo hili lifanyike asubuhi, nje, wala si bandani. Wageni watolewe kwanza na kuachwa uwanjani peke yao kwa muda wa saa moja hivi, wajue pembe za uwanja, mahali pa kukimbilia na mahali pa maji. Kisha wenyeji wafunguliwe, na papo hapo vitupwe vitu vya kuwashughulisha: majani ya mchicha au kabichi, pumba kidogo zilizotawanywa kwenye maranda, kichuguu kilichovunjwa kama kinapatikana. Kuku mwenye kazi ya kuchakura ana muda mfupi wa kugombana. Uwanja uwe na vizuizi vya kuona: gunia lililotundikwa, tawi la mti, boksi lililo wazi pande mbili, ubao ulioegemezwa ukutani. Kificho chenye mlango mmoja hakifai. Hicho ni mtego.

Wako wanaoshauri wageni waingizwe usiku wa giza, wapangwe kwenye vichanja kati ya wenyeji, eti kukicha wote watadhani walikuwa pamoja siku zote. Njia hii husaidia kupunguza purukushani za usiku, kwa sababu kuku haoni gizani. Hata hivyo, kukipambazuka wanaonana, nao si wajinga. Usiku uwe nyongeza ya tenga, usiwe badala yake.

Kanuni nyingine isiyopaswa kuvunjwa: asiingizwe kuku mmoja peke yake. Akiwa mmoja, macho yote humwelekea yeye. Wakiwa watatu au zaidi, waliozoeana wenyewe kwa wenyewe, mashambulizi hugawanyika na wao hupata wa kukaa naye.

Kumwondoa mkorofi

Kwa siku chache za kwanza mapigano yatakuwapo na yaachwe. Mfugaji anayeingilia kila donoo huchelewesha mapatano. Kwa kawaida ngazi mpya hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Yapo, hata hivyo, mambo matatu yanayodai kuingilia mara moja: damu kuonekana, mtetea kuendelea kumfukuza mwenzake aliyekwisha kukimbia na kuinamisha kichwa, na mgeni kuzuiwa kula.

Hilo la tatu hufichika. Mgeni anaweza kuonekana mzima, ametulia juu ya kichanja, kumbe hajashuka tangu asubuhi. Njia ya kulibaini ni kumpapasa jioni, baada ya kundi kulala, kwenye gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Gole lililojaa huonekana kama mfuko mdogo wa nafaka. Gole tupu jioni mbili mfululizo mara nyingi lina maana moja: huyu kuku ananyimwa chakula. Asiposaidiwa atakufa kwa njaa ndani ya banda lenye chakula, na mwenyewe atasema ameugua.

Mkorofi akishajulikana, atolewe yeye. Awekwe kwenye tenga au tundu mahali asipoliona kundi wala kundi kumwona, pamoja na maji, chakula na kivuli, kwa siku nne hadi saba. Hii si adhabu, kwa kuwa kuku hajui adhabu. Maana yake ni kwamba wakati hayupo, waliobaki hupangana upya bila yeye, na wageni hupata nafasi ya kujua chakula kilipo na kujenga ujasiri. Arudishwe jioni. Akiamka asubuhi atakuta ngazi nyingine, na yeye ndiye atakayepaswa kuuliza mahali pake ni wapi. Mara nyingi hilo linatosha. Kama halikutosha, lirudiwe. Mtetea anayerudia ukorofi baada ya mara tatu, na kumwaga damu, amekwisha kumweleza mfugaji kwamba mahali pake ni sokoni au chunguni, hata kama anataga kila siku. Hesabu ya mayai anayoyazuia kwa wenzake huwa kubwa kuliko ya mayai anayoyataga.

Mfugaji asishangae akigundua kwamba mkorofi si yule mkubwa wa banda. Aliye juu kabisa huwa hana haraka. Aghalabu wanaoshambulia kwa bidii ni wale wa ngazi ya kati na ya chini, ambao mgeni akikaa vizuri atawasogeza chini zaidi.

Aliyetoka damu, naam, huyo lazima aondolewe, maana rangi nyekundu huwavuta kuku wote, na kidonda kidogo cha asubuhi huwa shimo kufikia mchana. Aoshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, apakwe dawa ya vidonda atakayoelekezwa na mtaalamu wa mifugo. Mafuta ya taa na oili chafu visitumike. Lakini asipelekwe mbali. Akae kwenye tenga uwanjani, machoni pa wenzake, ikiwezekana na mgeni mwenziwe, ili atakapopona asiwe amesahaulika.

Ukata wa mdomo kwa kisu cha moto, unaofanywa na baadhi ya watu ili kumkomesha mkorofi, hauponyi chanzo. Mdomo una mishipa ya fahamu, na kuku aliyekatwa na asiye na ujuzi huweza kushindwa kula kabisa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, haiwaachi kuku nje ya ulinzi wake.

Pale ambapo kosa ni la banda

Kuna ukorofi usiotokana na kuku mmoja. Kundi zima likianza kudonoana na kula manyoya, sababu itafutwe kwenye nafasi, chakula, joto na mwanga. Kipimo cha kawaida ni kuku 5 wakubwa kwa mita mraba moja ya banda. Banda la mita 2 kwa mita 2, lenye mitetea 20, limekwisha kujaa; anayetaka kuongeza 10 anahitaji mita mraba 2 nyingine kabla ya kuwaleta, si baada ya ugomvi. Kwa chakula, kila kuku apate angalau sentimita 10 za ukingo wa chombo. Kuku 30 wanahitaji sentimita 300. Kihori cha mita moja kinacholiwa pande mbili kinatoa 200 tu, kwa hiyo vinatakiwa viwili, na viwekwe mbalimbali, kwani mtetea mmoja hawezi kuvilinda vyote kwa pamoja. Vyombo vya maji viwe viwili vilevile. Kiota kimoja kwa mitetea watano kinatosha.

Chakula cha pumba tupu huwafanya kuku watafute manyoya ya wenzao. Wapate dagaa au mashudu ya alizeti kwa ajili ya protini, chokaa ya mifugo au mifupa iliyosagwa, chumvi kidogo, na majani mabichi. Joto letu la Desemba hadi Februari, chini ya bati lisilo na dari, ni chanzo kingine. Kuku wasiunganishwe katika siku za joto kali kama kungoja kunawezekana. Taa kali inayowaka usiku kucha bandani nayo izimwe.

Aina na umri

Uzito peke yake hauamui ngazi. Chotara wa Kuroiler au Sasso ni mzito, lakini mtetea mdogo wa kienyeji aliyezoea kupigania chakula uani anaweza kumtawala bila shida. Ching'wekwe mwenye miguu mifupi na Kuchi mwenye miguu mirefu wote ni kuku wa kienyeji, ila tabia zao hazilingani: Kuchi ana asili ya kupigana, na hata majike yake hayapendi kupisha. Anayemiliki Kuchi apange kuwaweka peke yao badala ya kutarajia tenga limbadilishie damu.

Kuku wachanga wasichanganywe na wakubwa hadi walingane nao kwa mwili. Mwenye vifaranga walionunuliwa na mtetea anayeatamia anaweza kumwekea chini yake usiku, wakiwa na umri wa siku moja au mbili. Mara nyingi atawapokea. Wakizidi hapo atawaona kuwa si wake. Jogoo mzima mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 husaidia pia kutuliza ugomvi wa majike, lakini majogoo wawili wapya wasiingizwe siku moja na mitetea wapya, kwani ugomvi wa aina mbili hauwezi kusimamiwa na mtu mmoja.

Msaada wa kitaalamu

Mfugaji anayekusudia kuongeza kuku amwone Afisa Mifugo wa kata yake kabla ya kununua, ili apangiwe chanjo ya wenyeji na ya wageni. Chupa moja ya chanjo hutosheleza kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Wafugaji wa mtaa mmoja wakijiandikisha pamoja gharama ya kila mmoja hupungua. Anayekwenda kuomba ushauri juu ya ugomvi aende na maelezo haya: ukubwa wa banda kwa mita, idadi ya kuku wa zamani na wapya, tarehe walipoletwa, chakula wanachopewa, na idadi ya vyombo. Kukiwa na vifo vya ghafla, kinyesi cha kijani, kukohoa au shingo kupinda, asihangaike tena na mkorofi. Atoe taarifa siku hiyohiyo, asiuze wala kugawa kuku waliobaki, na mizoga ichomwe au ifukiwe shimoni. Isitupwe jalalani wala mtoni. Wataalamu wa tiba ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wako hapahapa mjini, na mzoga uliokufa saa chache zilizopita, uliofungwa vizuri kwenye mfuko, huwasaidia kujua chanzo cha kifo kuliko maelezo ya mdomo.